Nimeziba sura ya marehemu. Je, inatosha?

Swali: Shikamoo kaka. Nipo Masasi, nina chaneli yangu ya YouTube. Juzi bodaboda aligongwa na lori la korosho njia ya Ndanda. Nilikuwa jirani, nikarekodi sekunde 52 mpaka alipokata roho. Sura nimeiziba kwa ukungu, na mwanzoni nimeweka onyo. Ndugu wa marehemu wananiomba nisirushe, ila wenzangu wanasema kipande kile cha barabara ni hatari na wananchi wana haki ya kujua. Nimekutumia klipu uitazame. Kitaalamu, kuziba sura kunatosha?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Haitoshi. Klipu nimeitazama mara mbili, ya pili nikiwa nimezima sauti, kwa sababu mara ya kwanza sauti ndiyo iliyonishinda.

Nianze na ufundi, maana ndilo swali lako. Ukungu unaofuata sura huchelewa fremu moja au mbili mtu anapogeuza kichwa. Simamisha video yako sekunde ya 14, utaiona sura yote. Sekunde ya 19 kuna mtu nyuma yako anapiga kelele akitaja jina la marehemu na kijiwe alichokuwa akiegesha. Reflekta yake ina namba, na pikipiki namba yake inasomeka. Umeziba kitu kimoja, vingine vyote umeviacha wazi.

Nakwambia haya kwa sababu yalinikuta. Nikiwa bado mchanga kazini hapa Mtwara, nilihariri habari ya mtu aliyezama. Sura niliziba vizuri kabisa, miguu nikaiacha. Alikuwa amevaa ndala mbili za rangi tofauti, moja ya buluu, moja ya kijani, kamba imeshonwa kwa uzi wa nyavu. Dada yake akaziona ndala zile kwenye simu ya abiria mwenzake, wakiwa ndani ya daladala. Alikuwa hajaambiwa. Nilikwenda msibani kuomba radhi, akanipokea, akanitengea mkeka. Mpaka leo kila nikihariri picha ya ajali naanza kutazama miguu.

Sasa hilo la haki ya kujua. Wenzako wana hoja, sitaidharau. Zipo picha za kifo zilizostahili kuonekana na dunia nzima. George Floyd alipouawa Minneapolis, Marekani, tarehe 25 Mei 2020, taarifa ya kwanza ya polisi iliongea kana kwamba mtu kaugua tu wakati wa kukamatwa. Ni video ya binti mmoja aliyekuwa amesimama kando ya barabara iliyoonesha goti la polisi shingoni mwake. Bila ile, uongo ungebaki. Na mwaka 1955 mama yake Emmett Till, kijana wa Chicago aliyeuawa Mississippi, mwenyewe aliagiza jeneza la mwanawe liachwe wazi watu waone alivyofanyiwa. Aliyeamua ni mama.

Lakini yako inathibitisha nini? Kwamba lori lilihama upande wake. Hilo linaonekana ndani ya sekunde 6 za mwanzo. Zile 46 zilizobaki hazina habari, ni mtu anakufa. Na wenyewe wa msiba wamekukataza.

Vituo vya televisheni vya Marekani vilikutana na mtihani huu tarehe 22 Januari 1987, pale Budd Dwyer, mweka hazina wa jimbo la Pennsylvania, alipojipiga risasi mbele ya kamera kwenye mkutano wa waandishi. Vingi vilikata mkanda kabla ya mlio. Vingine vilisimamisha picha vikaacha sauti iendelee. Vichache vikarusha vyote, na siku hiyo theluji ilikuwa imefunga shule nyingi jimboni, watoto wako nyumbani. Habari ilikuwa ileile kwa wote: kwamba amekufa, wapi, katika mazingira gani. Waliokata mapema hawakumnyima mtazamaji neno.

Sheria sitaizungushia sana. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020 zinakataza maudhui yanayovunja faragha na utu wa mtu, na onyo la mwanzoni halikupi ruhusa. Onyo linamsaidia mtazamaji. Marehemu na mama yake haliwasaidii chochote.

Kuna sekunde ya 31, nadhani hukuiona wakati unarekodi. Mama mmoja anavua kanga aliyojitanda, anabaki na gauni tu katikati ya kadamnasi, anamfunika yule kijana. Kamera yako, badala ya kurudi nyuma, inasogea karibu zaidi. Huku kwetu muosha maiti hasimulii alichokiona, hata kwa mkewe. Yule mama hakumjua marehemu, ila alijua cha kufanya. Ukirusha sekunde zinazotangulia kanga ile, unamfunua mtu aliyekwisha kufunikwa.

Kwa hiyo fanya hivi usiku huu. Klipu mbichi usiifute wala usiikate. Nakala ipeleke kwa askari wa usalama barabarani wanaopeleleza ajali, maana ni ushahidi. Kama ulishaituma kwa grupu lolote, omba waifute, japo iliyokwisha kusambazwa hairudi yote. Kisha rudi barabarani mchana, rekodi kona ile, alama za breki, malori yanavyopishana msimu huu wa korosho. Ongea na madereva wa kijiweni kwake, watakueleza mengi kuliko zile sekunde 52. Jina la marehemu litaje baada ya familia kukubali. Sauti yote ya tukio izime, weka maelezo yako. Na picha ya jalada iwe ile kona, kanga usiiweke.