Anti, uvunguni kumejaa na juu ya kabati kumejaa, niweke wapi tena?

SWALI: Anti shikamoo. Nipo Tabata, tumepanga chumba na sebule mimi, mume wangu na watoto wawili. Tatizo ni vitu. Uvunguni kuna mashangazi kaja matatu, juu ya kabati mabegi mpaka yanagusa jipsam, kona ya sebuleni mabeseni, yaani mgeni akipiga simu kwamba yuko getini nabaki nimeshika kiuno sijui nianzie wapi. Mume wangu anataka tuchongeshe kabati lingine ila hela yenyewe ya mawazo na sioni hata litakaa wapi. Mwenye nyumba naye hataki kusikia habari za kutoboa ukuta. Nisaidie. Mama wa wawili.

JIBU: Marahaba mwaya. Hilo kabati mwambie baba watoto asubiri kwanza, maana kabati jipya kwenye nyumba iliyojaa linajaa wiki hiyohiyo alafu mnabaki na shida ileile na sehemu ya kupita imepungua.

Hebu vuta hayo mashangazi kaja mpaka barazani ufungue. Najua utakachokuta kwa sababu nyumba zetu zinafanana: hotipoti za kichen pati bado ziko kwenye maboksi yake, seti ya vikombe vya wageni ambayo mgeni hajawahi kuiona, nguo za mtoto wa kwanza ulizomtunzia mdogo wake na huyo mdogo mwenyewe keshazipita, na sare za harusi. Sare jamani! Kila harusi ya ukoo kitenge kipya, unavaa siku moja tu basi, maana nani ataenda harusi ya binamu na sare ya harusi ya shangazi. Na vitu vya watu. Hivyo ndo vibaya kuliko vyote, begi la shemeji aliyehamia Mwanza, godoro la mdogo wako anayesoma chuo. Wapigie simu, wape mpaka mwisho wa mwezi, wasipokuja mzigo uende stendi upande basi, nauli ya mzigo unalipa mara moja ila kodi ya chumba unalipa kila mwezi.

Hotipoti zitoe kwenye maboksi leo hii, boksi linakula nafasi bure na mende ndo kwao humo. Vikombe vya wageni vianze kunywewa chai, vile vya zamani vyenye mapengo viondoke. Vitenge na mablanketi ya akiba vikunje vizuri utie ndani ya foronya kubwa zenye zipu, unapata mito ya kochi na hakuna atakayejua kakalia sare ya harusi. Na ile mifuko mbadala, maana tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 kila jiko lina rundo lake, unaisahau nyumbani unanunua mwingine, bakiza mitano na iliyobaki mpelekee mama wa genge atakushukuru.

Ukishapunguza ndo tuongee na fundi, na fundi mwenyewe asianze na kabati, aanze na kitanda. Piga hesabu na mimi: kitanda cha 5 kwa 6 kikiinuliwa uvungu ukawa futi moja na nusu unapata futi za ujazo 45. Kabati la upana wa futi 4, urefu futi 6, kina futi 2 ni 48. Kwa hiyo kabati unalolitafuta unalilalia kila siku, na halihitaji sehemu nyingine ya sakafu. Wazee wa Pwani na samadari zao ndefu walilijua hili zamani. Mwambie akuongezee miguu na akutengenezee droo mbili pana zenye magurudumu, moja kila upande, na ziwe na mifuniko maana vumbi la Dar unalijua. Kama kitanda kimebanwa ukutani upande mmoja basi zote zitokee miguuni.

Ukuta usiutoboe, chongesha shelfu ya kusimama yenyewe, nyembamba, kina cha inchi 12 kinatosha vyombo na nguo za kukunja, ikiwa na kina kuliko hapo vya nyuma utavisahau na tumerudi palepale. Vizito vyote chini, madumu ya maji yasipande kabisa maana dumu la lita 20 ni kilo 20 na hao watoto wako najua wanapanda kila kitu. Iache inchi mbili kutoka ukutani, masika ukuta unatoa unyevu, na kama ni ya jikoni usikubali MDF, yaani ile bodi ya unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, ikilowa inavimba kama andazi. Mtungi wa gesi usiufungie kabatini hata kama unakera macho, uache wima penye hewa, gesi ikivuja ni nzito kuliko hewa kwa hiyo inatulia chini humohumo inasubiri kiberiti.

SWALI: Anti mambo, mimi bachela Sinza, nina kiti kimoja na sijakikalia muda mrefu, kimejaa nguo. Nifanyeje?

JIBU: Poa mdogo wangu. Hizo ni nguo ulizovaa mara moja, hazijachafuka za kufua wala huwezi kuzirudisha na safi, ndo maana zinazurura. Nunua ile hanga ya kuning'iniza juu ya mlango, haihitaji msumari. Ndoano zikijaa, fua. Kiti kikalie.

SWALI: Anti, mume wangu hatupi kitu. Chaja mbovu, redio, simu zilizokufa, deki, waya sijui za nini. Nikigusa ugomvi. Nimvizie akiwa kazini? Mke wa fundi asiye fundi, Mbagala.

JIBU: Usimvizie shoga, siku hiyohiyo ndo ataihitaji hiyo waya na utaisikia mpaka Pasaka ijayo. Mpe boksi moja, lake, lenye mfuniko, alichague yeye. Kinachoingia kinakaa, kinachozidi anakiuza mwenyewe kwa wale vijana wa chuma chakavu wanaopita na mkokoteni, akishika hela mkononi utaona anaanza kuzunguka nyumba anatafuta vingine. Ila simu zilizokufa zikague leo, yenye betri lililovimba isingoje boksi wala isikae karibu na godoro au juani, hizo zinaweza kushika moto. Mpelekee fundi simu atajua pa kuipeleka. Na hiyo deki, muulize taratibu kanda ziko wapi.