Re: Nasoma baiolojia mwaka wa pili, nianzie wapi na uyoga pori?

Mdogo wangu, swali lako la konokono nalijibu kwanza: si kweli kwamba uyoga ulioliwa na konokono ni salama kwa mtu. Konokono na funza hula hata ule unaoua ini la binadamu, nao wakaendelea na safari zao. Mimi niliwahi kuliamini hilo, na nililipia.

Nilikuwa mwaka wa pili kama wewe. Bumu limechelewa, mvua za Machi zimekolea, na kwenye nyasi nyuma ya hosteli ukachomoza uyoga mweupe, kofia kama kisahani, shina limevaa pete. Konokono walishautoboatoboa. Mimi na mwenzangu wa chumba tukaukaanga na kitunguu, tukala na ugali. Mtamu, sikufichi. Saa mbili baadaye tukawa tunapokezana choo, na kulipokucha tulikuwa zahanati, dripu mkononi.

Niliporudi chumbani nikakuta kofia moja iliyobaki, nilikuwa nimeiweka juu ya desa la kemia. Nikaiinua. Karatasini kulikuwa na mistari myembamba iliyotoka katikati kama mbavu za mwavuli, rangi ya kijani. Zilikuwa spora, yaani chembe ndogo ambazo uyoga huzaliana kwazo, zimedondoka usiku kucha. Uyoga wa spora za kijani ni wachache mno, na huo wa kwenye nyasi, Chlorophyllum molybdites, ndio maarufu kwa kuwaangusha watu. Ukiwa mchanga, chini ya kofia ni mweupe tu. (Kemia nilipata sapu, na hadi leo nalisingizia lile desa.)

Basi anzia hapo. Kata shina, laza kofia kwenye karatasi nusu nyeupe nusu nyeusi, kwa sababu spora nyeupe hazionekani kwenye nyeupe, funika kwa bakuli hadi asubuhi. Andika ulipoutoa na mti uliokuwa jirani.

Likizo nikampelekea bibi ujuaji wangu huko Iringa. Nikaushika uyoga wa kichuguu, nikaung'oa. Bibi akanipa jembe: "Chimba." Shina lilizama likawa jembamba kama mzizi, refu kuliko mkono wangu hadi kiwiko, mpaka kwenye sega laini lililojaa mchwa. Lile ni shamba lao la kuvu. Mchwa hutafuna miti na majani makavu, kuvu hiyo ndiyo inayowavunjia yale magumu, na mvua zikianza inatoa uyoga juu. Kitaalamu ni Termitomyces, na karatasini spora zake ni za waridi hafifu. Bibi hana habari na spora, lakini ule mkubwa usio na mzizi wa kwenda kwa mchwa haingizi jikoni kwake, hata ufanane vipi.

Kuhusu kula: tumbo likichafuka saa sita au zaidi baada ya mlo, kimbia hospitali na mabaki ya uyoga mkononi, hata ukijiona umepata nafuu. Ule unaoua huanza kwa kuchelewa, na kuchemsha hakuondoi sumu yake.

Ukipata alama yako ya kwanza ya spora karatasini, tupia picha hapa tuione.