Lami yangu imegeuka kioo, nifanyeje?

SWALI: Mwalimu, salaam aleikum. Nachora kwa rangi za mafuta. Masika haya nimejitahidi kuchora Barabara ya Digo hapa Mombasa jioni, mvua ikiwa imepusa na tuktuk zimewasha taa. Lami inanitokea kama kioo cha dukani, na nikiisugua kwa brashi ili ilainike, rangi zote zageuka tope. Wale wachoraji wa Ufaransa waliwezaje? – Msomaji, Kisauni

JIBU: Aleikum salaam, mwanangu. Kioo kimekujia kwa sababu barabara yote umeipa mng'ao mmoja. Simama ukingoni mwa barabara utazame maji yaliyo miguuni pako. Jicho linashuka karibu wima, na maji yaliyotulia hapo hurudisha takriban asilimia 2 tu ya mwanga. Unachoona ni lami yenyewe, tena nyeusi kuliko ilivyokuwa kavu. Sasa tupa jicho mwisho wa barabara: mtazamo unalala, mng'ao unazidi, mpaka lami inakaribia rangi ya mbingu. Basi sehemu ya mbele ya turubai iwe ya giza, na mwanga uongezeke kadiri unavyokwenda mbali. Hili ndilo la kwanza kurekebisha, kabla hujagusa taa hata moja.

Kisha mtazame mwanamume wa kanzu akivuka, na mwanamke wa buibui nyuma yake. Taswira ya kanzu majini ni hafifu kuliko kanzu, maana mwanga mwingine umezama. Taswira ya buibui nayo haifikii weusi wa buibui, kwa kuwa rangi ya lami inapenya na kuipausha. Nyeupe hushuka, nyeusi hupanda. Wanafunzi wengi huzirudia rangi zilezile juu na chini, na hapo ndipo kioo kinapozaliwa.

Taa usizilaze upande. Kivuli hufuata mwanga unakotoka, lakini taswira siku zote hushuka wima kuja kwako. Taa ya tuktuk ikiwa kimo cha goti juu ya lami, taswira yake huanzia kimo hichohicho chini ya pale gurudumu linapogusa. Vijiwimbi vya maji ndivyo vinavyoivuta iwe mlia mrefu uliokatikakatika.

Kuhusu Wafaransa, tafuta kazi mbili. Mwaka 1897 Camille Pissarro alikaa kwenye dirisha la hoteli akiichora Boulevard Montmartre, barabara ya Paris, tena na tena. Ile ya usiku iko National Gallery, London. Ikuze kwenye simu uone taa zilivyowekwa juu ya barabara iliyolowa: miguso mifupi, kila mmoja umeachwa kama ulivyotua. Gustave Caillebotte naye, katika picha yake ya mtaa wa Paris ya mwaka 1877, hakuchora mistari ya mvua inayoanguka. Miavuli na mng'ao kati ya mawe ya barabara vinatosha kukuambia. Mkono wake ni laini kuliko wa wenzake, kwa hiyo kwa mguso wa brashi mimi ningekupeleka kwa Pissarro.

Tope lina dawa fupi: acha kusugua. Rangi ya chungwa ya taa ikikutana mbichi na buluu ya lami, huuana. Tandaza lami kwanza, nyembamba, iliyolegezwa kwa tapentaini kidogo. Kijivu chake kichanganye kwa buluu ya altramarini na kahawia ya siena, bila nyeusi ya kwenye tyubu. Iache ishike. Rangi ya mafuta hukauka kwa kuvuta oksijeni hewani, na kwa unyevu wetu wa masika inaweza kuchelewa, kwa hiyo ijaribu kwa kidole kwenye pembe ya turubai. Ikiwa haichafui kidole, weka taa nzito kwa mguso mmoja wa wima, futa brashi kwa kitambaa, ndipo uweke nyingine. Mwisho pitisha brashi kavu mara moja tu, kwa mlalo, penye ukingo wa dimbwi.