Barua kwa mwanangu: kijana wa chini ya mwaloni

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma, nikauweka, nikaurudia tena usiku. Siku ile tulipotoka Tanworth-in-Arden, kijiji cha Uingereza alikozikwa mwimbaji wetu Nick Drake, ulikaa kimya garini njia nzima, nikadhani mvua imekuchosha. Kumbe ulikuwa unatunga swali. Unaniuliza: mtu ambaye jukwaani aliinamisha kichwa asitazamwe, aliyeimba kisha akaondoka bila kuzungumza na watu, kwa nini sisi mashabiki wake tusimwache apumzike? Tunakwenda kaburini kwake. Tunasikiliza kanda alizojirekodia nyumbani. Tunatafuta hata vidole vyake vilishika wapi kwenye gitaa. "Mama, huku si kumchungulia marehemu dirishani?"

Pale jikoni nilikujibu ovyo kwamba mapenzi hayaulizwi. Nilikosea. Yanaulizwa, na haya ya mashabiki ndiyo yanayostahili kuulizwa kuliko mengine yote.

Ngoja nianze na vidole, kwa sababu hapo sioni haya hata kidogo.

Nick Drake alitoa albamu tatu tu: Five Leaves Left ya 1969, Bryter Layter ya 1971 na Pink Moon ya 1972. Hakuna filamu inayojulikana inayomwonyesha akiwa mtu mzima, iwe anapiga gitaa au anavuka barabara. Picha za mnato zipo, na filamu za nyumbani za utotoni zipo, basi. Na gitaa lake hakulikaza kama watu wengine. Nyimbo hizi zina mkazo wake wa nyuzi, zile zina mwingine. Ndiyo sababu mojawapo maonyesho yake yalikuwa taabu: akimaliza wimbo mmoja ilibidi ainame alegeze huu, akaze ule, na yeye hakuwa mtu wa kuwachekesha wasikilizaji wakati wanasubiri. Watu wakaanza kuzungumza wao kwa wao.

Sasa mtu kama huyo akishakufa, na mikono yake hukuiona, nyimbo zake utazipigaje? Waliompenda walikaa na santuri. Walisikiliza uzi gani unalia wazi bila kushikwa, wakainua sindano, wakairudisha palepale, wakajaribu, wakakosea. Aliyepata wimbo mmoja alimpa mwenzake, na mwenzake akamrudishia mwingine. Mimi nilipiga Pink Moon kwa mkazo wa kawaida kwa miaka, vidole vinanyooka mpaka vinauma na wimbo hautoki. Halafu siku moja mzee mmoja akanichukulia gitaa mikononi, akazilegeza nyuzi bila hata kuniomba ruhusa, akanirudishia. Mkono wa kushoto haukuwa na kazi kubwa. Wimbo wote ulikuwa umelala kwenye nyuzi wazi. Nilicheka kama mwendawazimu.

Fundi akifa ukaiokota randa yake, ukajifunza alivyokuwa akiisukuma, hujamchungulia. Umefanya kazi naye. Hilo sitakubali uliweke kapu moja na mengine.

Lakini mengine, ndiyo, una hoja.

Kwanza nikurekebishe mahali pamoja. Umechukulia kwamba asiyependa kutazamwa hapendi pia kusikilizwa. Hapo umekosea. Joe Boyd, mtayarishaji wa albamu mbili za kwanza, amesimulia kwamba mwaka 1974 Nick alimjia juu kwa hasira: umeniambia mimi ni hodari kupita wote, mbona basi sina fedha, mbona hakuna anayenunua? Hayo si maneno ya mtu aliyetaka kuachwa. Inasemwa kwamba kati ya zile albamu tatu hakuna iliyopita nakala 5,000 zilipotoka. Alitaka nyimbo zifike. Alichoshindwa ni kuzisindikiza mwenyewe, kusimama mbele ya watu akauza sura yake. Siku hizi, kila mwimbaji anapotakiwa pia kuwa mchekeshaji, namwelewa zaidi kila mwaka unapopita.

Na kabla mashabiki hatujajisifu kwamba sisi ndio tuliomwokoa (tunajisifu sana, umetusikia), kuna jambo lilitutangulia. Boyd alipoiuza kampuni yake kwa Island Records, kampuni ya santuri, aliweka sharti kwamba santuri za Nick zisiondolewe kwenye orodha ya zinazouzwa. Sharti moja tu kwenye karatasi. Bila hilo, vijana wa miaka ya 1980 wangempenda nani? Wangesikia jina tu.

Sasa twende kwenye mlango, maana wewe umesema dirisha.

Nick alifariki 25 Novemba 1974, akiwa na miaka 26, nyumbani kwa wazazi wake, baada ya kuzidisha dawa alizopewa za sonona. Mchunguzi wa vifo aliamua kwamba alijiua, na wapo waliomjua ambao hawakukubali. Sitaandika zaidi juu ya usiku huo. Wapo miongoni mwetu wanaompenda zaidi akiwa maiti kuliko akiwa na gitaa. Utawajua: hawawezi kutaja wimbo bila kutaja kifo. Hao swali lako linawahusu moja kwa moja, wala sitawatetea.

Baada ya miaka michache, hasa lilipotoka lile kasha la santuri zake zote mwaka 1979, vijana wasiojulikana wakaanza kufika Tanworth na kugonga mlango wa nyumba iitwayo Far Leys. Jiweke mahali pa wazazi. Mwana amefariki katika nyumba hiyohiyo. Anakuja kijana, nywele ndefu, amesafiri mbali, anasimama mlangoni akiona aibu. Rodney na Molly Drake wangeweza kumwambia aende zake na hakuna ambaye angewalaumu. Waliwakaribisha ndani. Waliwapa chai, wakawaonyesha chumba chake, wakazungumza nao. Na Rodney, aliyekuwa mhandisi na mtu wa mashine, akawanakilia baadhi yao kanda za nyumbani, zile Nick alizorekodi kabla hajawa na santuri hata moja.

Kwa hiyo mwanangu, dirisha hatukulivunja. Kulikuwa na mlango na wenye nyumba waliufungua wenyewe. Sidhani kama walifanya hivyo kwa ajili ya sifa ya mwana wao. Nafikiri walitaka kukaa na mtu ambaye angelitamka jina lake bila kushusha sauti. Hayo ni mawazo yangu ya uzazi, usiyachukue kama historia.

Aibu iko baada ya hapo. Waliopewa kanda hawakukaa nazo wote. Zilinakiliwa, nakala ikazaa nakala, na mwisho zikauzwa na watu ambao hawakuwahi kuonja chai ya Far Leys. Nilikuwa nayo kanda moja ya namna hiyo. Niliinunua, sikuulizia ilikotoka, na nilipoisikiliza kelele za mkanda zilikuwa nyingi kuliko sauti yake. Ukitaka kuniita mchunguliaji kwa hiyo, niite. Familia ilizitoa rasmi kanda za nyumbani mwaka 2007, zimesafishwa, katika albamu ya Family Tree. Wakati huo zilikuwa zimekwisha zunguka dunia, na nadhani kuzitoa kwa heshima ndiyo ilikuwa njia pekee iliyobaki. Yangu niliitupa.

Tangu hapo nina mpaka wangu. Kilichotolewa na familia nakisikiliza, kisichotolewa nakiacha. Hata ndani ya mpaka huo nina vyumba nisivyoingia. Mwaka 2014 dada yake, Gabrielle Drake, alishiriki kutoa kitabu kikubwa cha kumbukumbu, na ndani yake mna sehemu za shajara ya baba yao za ile miaka ya ugonjwa. Nilisoma kurasa chache nikakifunga. Dada mtu alikuwa na haki ya kukitoa, na wanaosumbuliwa na sonona nyumbani kwao pengine kitawafaa kuliko mimi. Lakini niliona baba ameketi jioni anaandika jinsi siku ilivyomwendea mwanawe, na wewe mwaka ule ulikuwa hupokei simu zangu. Kitabu kiko rafu ya juu. Wewe kisome ukipenda.

Ulisema pia kwamba tangazo la gari ndilo lililomfanya ajulikane, siyo sisi. Mwaka 1999 Volkswagen walitumia wimbo wa Pink Moon kwenye tangazo lao Marekani, na kweli albamu ikaanza kununuliwa kwa kasi ambayo hakuiona maishani mwake. Mashabiki wengi walinuna. Nami nilinuna, kwa muda wa wiki mbili hivi. Tangazo liliwaleta watu mlangoni. Walioamua kubaki wakajifunza kupiga, hao siwezi kuwauliza waliingilia wapi.

Ila kuna jambo ambalo tangazo lisingefanya kamwe, na ndilo nililotaka kukueleza tangu mwanzo wa barua hii.

Molly, mama yake, alikuwa akitunga nyimbo. Miaka ya 1950 alikuwa akikaa kwenye piano sebuleni, anaimba kwa sauti ndogo, na mumewe anarekodi kwenye mashine yake ya kanda. Hakuna aliyekusudia kuziuza. Alikuwa mke na mama katika kijiji cha Warwickshire, na nyimbo zilikuwa zake na za watu wa nyumba yake. Rodney alifariki mwaka 1988, Molly mwaka 1993, na hadithi ingeishia hapo.

Lakini watu waliokuwa wakimfuata mtoto walifika mpaka kwa mama. Ile albamu ya 2007 ilitoka na nyimbo mbili za Molly ndani yake. Mwaka 2013 zikatoka zake mwenyewe, albamu nzima ya kanda za sebuleni. Mwaka 2017 The Unthanks, wale akina dada waimbaji wa nyimbo za kienyeji kutoka kaskazini ya Uingereza, wakatoa albamu ya nyimbo na mashairi yake. Isikilize ya Molly kwanza, ndipo uirudie Five Leaves Left. Utasikia namna wimbo unavyokataa kutua pale unapoutarajia, na namna huzuni inavyosemwa kwa adabu, kama anayeomba radhi. Wachambuzi waliwahi kuandika kana kwamba Nick aliokota muziki wake hewani. Mwanamke mmoja alikuwa jikoni kwao muda wote huo.

Na mwaka 2025, zilipotolewa kanda za utengenezaji wa Five Leaves Left, moja iliyokuwamo ni ya kikao chake cha kwanza studioni mwaka 1968. Ilikuwa imewekwa miaka yote hiyo na Beverley Martyn, mwimbaji mwenzake. Hakuiuza wala hakuinakili ovyo. Aliiweka tu. Nikifikiria hao wawili, aliyeuza kanda ya kupewa na aliyeihifadhi miaka zaidi ya hamsini, naona swali lako limekwisha kujibiwa na watu wengine kabla yangu.

Kuhusu kaburi: hapo chini ya mwaloni, kwenye uwanja wa kanisa la St Mary Magdalene, yumo pamoja na wazazi wake, jiwe moja. Uliona vile vipande vya plastiki vya kupigia gitaa watu walivyoviacha. Uliniuliza kama nitaacha changu, nikasema hapana, ukanishangaa. Sikuacha kwa sababu nakihitaji. Nyasi pale zinakanyagwa sana, na wanakijiji nao wana marehemu wao wanaotaka kuwatembelea kwa utulivu. Nafikiri nitapunguza safari, ningependa ujue hilo. Swali lako limefanya kazi kiasi hicho.

Utakapokuja mwisho wa mwezi mimi nitakuwa zamu ya usiku. Gitaa liko nyuma ya mlango wa chumba changu. Nimelitayarisha kwa ajili ya Pink Moon: nimelegeza uzi mnene mpaka noti ya C, unaofuata G, wa tatu C tena, wa nne F, wa tano nimeupandisha kidogo tu ukafika C, na ule mwembamba umebaki E. Kibano cha kubana nyuzi shingoni kiko freti ya pili. Uzi mnene utatetemeka vibaya ukiupiga kwa nguvu, kwa hiyo uguse taratibu. Usilirudishe kwenye mkazo wa kawaida kabla hujajaribu, na funga dirisha, jirani analala mapema.

Mama yako