Kukopa kausha damu ili watoto wavae Idi

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Naendesha bodaboda ya mkataba hapa Tanga, nina mke na watoto wanne. Nikishatoa hesabu ya tajiri mwenye pikipiki na kodi ya chumba, nimebaki na shilingi 55,000 za Idi. Mahindi huku ni 1,000 kwa kilo, mchele 2,800, nyama 12,000. Shemeji yangu anasema nguo mpya ni Sunna na Mwenyezi Mungu anapenda kuona athari ya neema yake kwa mja, hivyo nichukue kausha damu, mikopo hii ya riba kubwa ya mtaani, 150,000 nirejeshe 6,500 kila siku kwa siku 30. Eti hiyo ni dharura. Na je, zaka ya fitri inanihusu mtu kama mimi?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah. Ndugu yangu, swali lako limenikosesha raha, maana kila Ramadhani ikifika kumi la mwisho wazazi wengi huingizwa kwenye shimo hili, na wanaowasukuma huwasukuma kwa jina la dini.

Riba hukumu yake unaijua. Ninachotaka kukijibu ni hoja ya shemeji yako.

Sunna ya Idi ni kuoga, kujitia manukato na kuvaa nguo iliyo bora katika ulizonazo. Bora, si mpya. Kanzu ya mwaka jana iliyofuliwa, ikatiwa bluu na kupigwa pasi, imetimiza Sunna. Tena sikiliza Hadithi ya Ummu Atiyya, aliyoipokea Bukhari na Muslim: wanawake waliamrishwa watoke kwenda kwenye swala ya Idi, mmoja akauliza, na asiyekuwa na jilbabu, yaani shuka la kujifunika juu ya nguo, je? Mtume (s.a.w.) akajibu kwamba mwenzake amvishe katika jilbabu zake. Hakumwambia akakope, wala hakumwambia abaki nyumbani kwa aibu. Nguo ya kuazima ilitosha kumpeleka mtu uwanjani mbele ya Mtume mwenyewe. Itakuwaje leo isimtoshe binti yako kuvaa gauni la binamu yake?

Ama athari ya neema, Hadithi ipo, lakini shemeji ameishika upande mmoja. Katika mapokezi ya Abu Dawud, mtu alikuja kwa Mtume akiwa na mavazi duni. Kwanza aliulizwa: una mali? Akasema anayo, ngamia, kondoo na farasi. Ndipo alipoambiwa athari ya alichopewa ionekane kwake. Swali la mali limetangulia! Wewe ukiulizwa hilo, utajibu nini? Laki na nusu ya mkopeshaji si neema uliyopewa, ni fedha ya mtu inayokudai. Ukiivaa, unachoonyesha ni deni.

Na kuiita dharura ni kulichezea neno zito. Dharura ni njaa inayoua au dawa ya mgonjwa asiye na njia nyingine. Piga hesabu: 6,500 mara 30 ni 195,000, yaani 45,000 za riba, karibu sawa na fedha yote uliyonayo leo. Tena kila alfajiri utawasha pikipiki ukiwa tayari unadaiwa na wawili, tajiri wa hesabu na mkopeshaji, kabla hujapata ya unga. Siku ya mvua abiria hawapo, rejesho halisubiri, unakopa kwingine kuziba hapa. Mtume (s.a.w.) alikuwa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu na deni ndani ya swala, alipoulizwa sababu alisema mtu akidaiwa huzungumza akasema uongo, na huahidi akavunja.

Fitri inakuhusu, kwa sababu umebakiwa na ziada juu ya chakula chenu cha usiku na mchana wa Idi. Kila kichwa ni pishi moja, takribani kilo 2.5. Nyinyi ni sita, kwa hiyo kilo 15. Mchele ungekula 42,000, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakaiacha. Lakini kwa madhehebu yetu ya Shafi hutolewa chakula kikuu cha watu wa mji, na mahindi kwetu ni chakula kikuu: 15,000, imekwisha. Yawe punje, si unga. Itoe kabla ya swala. Na ukiletewa fitri na wengine, pokea bila haya; kutoa hakukuzuii kupokea. Lau ungepungukiwa, ungeanza na nafsi yako, kisha mkeo, kisha watoto wadogo.

Zimebaki 40,000. Pilau ya mchele kilo moja na nusu ni 4,200, nyama nusu kilo 6,000, viazi, vitunguu, mafuta na viungo weka 7,000. Nyama ikatwe vipande vidogo, ichemshwe kwa tangawizi na thumu, na supu yake ndiyo iivishe mchele, ladha ienee hata kwa aliyepata kipande kimoja. Vitunguu viachwe mpaka viwe kahawia, maana rangi hutoka hapo. Mchele ukiwa mpya punguza maji, la sivyo mtakula bokoboko. Maji yakikauka, palia makaa juu ya kifuniko.

Za juu, kama 22,000, nenda mitumbani mapema, siku ya kazi asubuhi, usingoje mkesha wa Idi bei zikishapanda. Wanunulie wale tu ambao nguo zao zimewabana. Wengine shusha pindo, badilisha vifungo. Bakisha 2,000, kila mtoto apate 500 ya mkono wa Idi.

Na waambie watoto leo, kwa upole, wewe na mama yao mkiwa pamoja. Mtoto aliyeambiwa mapema huzoea. Anayeumia ni yule aliyeahidiwa gauni mpaka usiku wa mwezi kuandama, akaamka hakuna. Asubuhi wape tende, tatu au hata moja moja, mtoke nyote mkileta takbira, na mrudi kwa njia nyingine.

Shemeji yako mwombe, kama kweli anawaonea huruma, awaazime nguo za wanawe.

Wallahu aalam.