Kufungwa na Michigan, kisha kubeba kombe: msimu wa Ohio State 2024

Mleta mada, umeuliza inawezekanaje timu ya chuo cha Ohio State, ya mpira wa Kimarekani (American football), ipoteze mechi mbili, moja ikiwa kwenye uwanja wake yenyewe dhidi ya timu ya kawaida kabisa, halafu Januari iwe bingwa wa Marekani nzima, na kwa nini watu wazima walilie mpira wa wanafunzi. Mimi naishi Columbus, mji wa chuo hicho, naendesha Uber, na msimu ule karibu kila Jumamosi nilikuwa nabeba mashabiki. Acha nikusimulie.

Kwanza futa kichwani picha ya bonanza la vyuo. Uwanja wao, wa tangu 1922, unaingiza watu zaidi ya laki moja na unajaa. Mechi nyingi ni saa sita mchana, lakini saa mbili asubuhi watu wameshawasha majiko ya nyama nyuma ya magari yao kwenye maegesho, na bia zinatembea.

Kikosi chenyewe kilikuwa cha pesa. Tangu 2021 wanafunzi wanaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura zao, na mkurugenzi wa michezo wa chuo alitamka mwenyewe kwamba kikosi kile kiligharimu kama dola milioni 20. Will Howard, kotabeki, yaani yule mrusha mipira, alitolewa chuo cha Kansas State. Caleb Downs alitoka Alabama, Quinshon Judkins alitoka Ole Miss. Juu yao kulikuwa na dogo wa mwaka wa kwanza, Jeremiah Smith, ambaye ukimrushia mpira popote anaudaka. Sasa kikosi hicho kikifungwa, unategemea nani aelewe?

Oktoba wakafungwa na Oregon ugenini 32–31. Ile watu waliimeza. Mwishoni Oregon waliingiza mchezaji wa 12, wakaadhibiwa yadi 5 tu, lakini saa ikawa imeshakula sekunde nne ambazo Ohio State walizihitaji ili kufunga. Ujanja wa mtoto wa mjini, na mimi niliucheka kimyakimya.

Ya Michigan, mahasimu wao wakubwa wa jimbo jirani, ndiyo iliyoua. Wiki ya mechi hiyo, chuoni herufi M kwenye mabango zinapigwa alama ya X kwa utepe mwekundu, sitanii. Michigan alikuja ameshinda 6 na kupoteza 5. Novemba 30, kwenye baridi, akashinda 13–10 kwa mkwaju uliopigwa zikiwa zimebaki sekunde 45. Wachezaji wake wakaenda kutaka kuchomeka bendera katikati ya uwanja, zikapigwa ngumi, polisi wakapuliza dawa ya pilipili. Hiyo ilikuwa mara ya nne mfululizo. Wewe shabiki wa Simba, chukulia Yanga amekufunga mara nne mfululizo, na hiyo ya nne yuko katikati ya msimamo.

Jioni ile nilimbeba mzee mmoja na mwanawe. Dakika ishirini na tano hakuna aliyefungua mdomo. Wanashuka, mzee ananiambia, "Kocha aondoke," kama vile mimi ndiye bosi wa chuo. Nikamjibu pole mzee wangu.

Sasa jibu la swali lako. Kwa miaka kumi timu nne tu ndizo zilizokuwa zinaingia mtoano wa ubingwa. Msimu wa 2024 ndio wa kwanza wa timu 12. Kwa utaratibu wa zamani, kocha Ryan Day na vijana wake wangemaliza kazi siku ile ya bendera. Wakaingia wakiwa nambari 8, na hapo wakawa watu wengine. Tennessee kala 42–17 usiku wa barafu. Oregon, aliyekuwa hajafungwa na mtu, akapelekwa 34–0 kabla ya mapumziko, mwisho 41–21.

Nusu fainali na Texas ndiyo nitakayowasimulia wajukuu. Ohio State wanaongoza 21–14, Texas wako yadi moja kutoka mstari wa kufunga. Badala ya kusukuma katikati, wakaupeleka mpira pembeni, wakarudishwa yadi 7. Jaribio la mwisho, Jack Sawyer wa Ohio State akamvaa kotabeki wa Texas, Quinn Ewers, mpira ukamtoka, Sawyer akaudaka na kukimbia yadi 83 peke yake. Na hao wawili waliwahi kuishi chumba kimoja Ewers alipokuwa Ohio State! Jirani zangu walipiga kelele hadi mke wangu akadhani kuna moto.

Fainali ilikuwa Atlanta, Januari 20, 2025: wakamfunga Notre Dame 34–23.

Kuhusu kulilia mpira wa wanafunzi, sikiliza hii. Wiki ile ya kombe nilibeba mama mmoja aliyevaa nyekundu kuanzia kofia hadi soksi. Nikampa hongera. Akasema asante, kisha akaanza kunielezea ile 13–10 mwanzo hadi mwisho, mpaka tukafika kwake. Msimu uliofuata Ohio State walimfunga Michigan 27–9 kulekule kwake. Kombe wakakosa.