Dawa ni dakika mbili, mchana je?

Dada uliyeuliza kuhusu mdogo wako wa miaka 20 hapo Maweni, kwamba anavuta unga (heroini) na familia imechanga pesa za kumpeleka akafungiwe miezi mitatu kwenye kituo cha kuachisha unga mbali na Malindi, ila wewe roho yako inasita. Nimesoma majibu ya wenzangu, karibu wote wanasema mpelekeni upesi. Mimi nasema subirini kidogo. Nimevuta unga miaka sita, miwili ya mwisho nikawa najidunga, na nimefungiwa mara mbili.

Mara ya kwanza nilirudi nimenenepa, mashavu yamejaa. Mamangu akapika biriani, majirani wakaja kunitazama kama bwana harusi. Siku ya nne nilikuwa maskani, kule wanakovutia unga. Na hapo pana hatari ambayo sisi hatukuambiwa: mwili ukikaa miezi bila unga hauuhimili tena. Kete (kipakiti cha unga) ile ile aliyoizoea zamani, mtu akiirudia baada ya kufungiwa, inaweza kumkata pumzi. Kijana niliyetoka naye siku moja, mtoto wa Shella, alikutwa alfajiri nyuma ya banda la boti, midomo imegeuka rangi. Wiki moja tu baada ya kurudi kwao. Kituo sikitaji. Walimtunza vizuri, ila walimfungulia mlango bila kumwambia neno hilo, wala kumwambia mama yake. Kwa hiyo mkimpeleka, basi siku atakayorudi ndiyo siku ya kumchunga zaidi, si siku ya kupumua.

Kilichonishika mimi ni methadoni, dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya unga mwilini. Kliniki ya hapa hospitali ya Malindi ilianza 2015, miongoni mwa za mwanzo kabisa Kenya. (Kabla ya hapo Omari Project, shirika la hapa Malindi, lilikuwa ikihangaika na vijana wetu tangu miaka ya 1990, enzi ambazo teja mtaani alikuwa wa kupigwa mawe tu.) Mimi niliingia kupitia kwa wale wahamasishaji wanaozunguka maskani. Wakaniandikisha, nikapimwa mkojo, virusi vya UKIMWI, homa ya ini na kifua kikuu, nikakaa na mshauri mara kadhaa, nikatakiwa nilete mtu wa nyumbani wa kunisimamia. Dawa yenyewe sikulipia hata shilingi.

Inavyokuwa ni hivi. Unapanga foleni, unafika dirishani, unataja namba yako, muuguzi anakutazama macho. Ukija umelewa hupewi. Kikombe kidogo cha plastiki, unameza mbele yake, unaongeza maji ukanywa tena, halafu anakuuliza jambo lolote, "Mama hajambo?", ili ujibu aone hukuibania shavuni ukaiuze nje. Dakika mbili, umemaliza. Unaanzishwa kwa dozi ndogo na kupandishwa polepole, kwa hiyo wiki za kwanza arosto, yale maumivu ya kukosa unga, bado inamgusa. Asikate tamaa, na asijiongezee kete juu yake. Bugizi (vidonge vya usingizi) na pombe ndiyo balaa kabisa: ukichanganya na methadoni unalala usiamke.

Watu watamwambia amebadilisha ulevi kwa ulevi. Waache waseme. Dozi moja inanibeba mpaka kesho yake. Siamki natetemeka, sitafuti sufuria ya mama ya kuuza. (Niliuza mbili, na feni.) Sindano nimeiacha, na sindano za kuazimana ndizo zilizowamaliza wenzangu kwa virusi na homa ya ini.

Sasa, kinachowarudisha wengi si dawa. Ni mchana. Saa tatu asubuhi umeshakunywa, una nguvu, akili imetulia, mfukoni huna kitu, na watu pekee wanaokuita kwa jina wako maskani. Zamani siku yako ilikuwa na kazi: kutafuta pesa, kutafuta kete, kuvuta, kuanza upya. Ukiondoa unga, lile pengo lote linabaki wazi. Mimi nilikuwa mvuvi, na dawa ni ya kila siku, hakuna kubeba nyumbani wakati huo. Nahodha anataka mtu wa kulala baharini siku tatu, mimi lazima kesho asubuhi niwe dirishani. Nikikosa siku kadhaa mfululizo nashushwa dozi, naanza kupanda upya. Kaskazi ile wenzangu walivua, mimi nikakaa ufukweni nikitazama matanga. Nusura nirudie. Aliyeniokoa ni mjomba, alinipa kazi ya kushona nyavu na kupara samaki pale pale bandarini, pesa ya tuktuk na chakula, basi. Kidogo, lakini kuanzia saa nne mpaka alasiri nilikuwa na mtu ananingoja.

Kwa hiyo zile pesa mlizochanga, dada, mimi ningezigawa. Nauli ya kila siku kwanza: ya kwenda na kurudi unaiona ndogo mpaka siku haipo. Kiamsha kinywa pia, mahamri na mbaazi, kwa sababu dawa ile kwa tumbo tupu ilikuwa ikinitapisha. Zinazobaki zimtafutie fundi atakayemkubali: ufundi wa tuktuk, useremala, chochote kisichomtoa mjini asubuhi.

Mlisema baba anakataa methadoni kwa sababu ya Ramadhani, dawa inanywewa mchana. Sheikh aliyenisomesha aliniambia mgonjwa ana ruhusa ya kula akalipa baadaye, na ambaye ugonjwa wake hauishi ana fidia, yaani kulisha maskini. Baba akamuulize imamu wake mwenyewe, asitegemee maneno ya barazani, wala yangu.

Ukimshawishi akakubali, usimpeleke wewe. Dada akimpeleka atajiona mtoto. Niandikie faragha, nitamsubiri langoni pa kliniki saa mbili asubuhi, kofia ya bluu.